Mvua Zilifika, Jembe Halikuinuka

Historia ya magonjwa huwa inawapenda waliokufa, maana hao wanahesabika. Aliyepona halafu akakaa miezi mitatu akitazama ukuta, huyo anaandikwa wapi?

Swali hili lilinijia 2021, baada ya korona. Kikohozi kiliisha ndani ya wiki mbili. Kilichobaki kilikuwa kingine kabisa: kuamka alfajiri moyo unadunda kama vile nimegongewa mlango na askari, kushika kitabu na kukirudisha mezani bila kufungua. Shangazi yangu alisema, "Umepona mwanangu, ila hujarudi." Nikaanza kuchimbua habari za zamani, na jamani, wala sikuwa wa kwanza.

Mwishoni mwa 1889 homa ilitoka St Petersburg, ikapanda treni na meli, ikafika London majira yale yale ya baridi. Watu waliiita mafua ya Urusi, ingawa wapo wataalamu wanaodhani ilikuwa ya jamii ya korona. Wanabishana mpaka leo. Kilichowashtua madaktari ni mkia wake. Julius Althaus, daktari wa mishipa ya fahamu aliyefanya kazi London, aliandika kuhusu watu waliopona homa wakabaki na huzuni, hofu na kukosa usingizi. Yeye aliamini ugonjwa huacha sumu katika mfumo wa fahamu. Sumu yenyewe hakuiona, lakini wagonjwa aliwaona.

Mgonjwa maarufu kuliko wote alikuwa Lord Rosebery, Waziri Mkuu wa Uingereza. Mafua yalimpata Februari 1895, na baada ya homa kushuka usingizi ukamkimbia kwa miezi. Juni serikali yake ikaanguka. Kusema mafua ndiyo yaliyoiangusha ni kutia chumvi, chama chake kilikuwa kimegawanyika vya kutosha. Ila tunajua alivyoteseka kwa sababu alikuwa mkubwa: mkubwa asipolala, kuna anayeandika.

Mafua makuu ya 1918 yalipofika Boston, daktari kijana Karl Menninger alikusanya habari za wagonjwa mia moja walioletwa hospitali ya akili baada ya kuugua. Aliyachapisha 1919. Miaka kadhaa baadaye alirudi kuwafuatilia waliodhaniwa wameharibikiwa moja kwa moja, akakuta wengi wao wamepata nafuu. Habari hiyo mimi ilinipa faraja kuliko vidonge.

Sasa njoo huku kwetu, Rungwe, kusini magharibi mwa Tanzania ya leo. Waingereza waliwatoa Wajerumani mwaka 1916, na vita viliondoka na vijana kwenda kubeba mizigo ya majeshi. Halafu 1918 ikaingia homa. James Ellison, mtafiti aliyeandika juu ya mafua hayo katika eneo lile, anaonyesha jinsi homa na njaa zilivyofuatana. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja, lakini wengi waliopona hawakuwa na nguvu ya kulima. Wapo wanaosema ule ulegevu wa baada ya mafua, mwili na roho pamoja, ndio uliozaa njaa ya 1919. Njaa hiyo ikabaki na jina la kilicholiwa: sehemu ya mgomba inayobaki ardhini, chakula cha mtu aliyekosa kingine.

Sisemi kila jembe lililolala lililazwa na sonona. Mikono ilikuwa pungufu, na vita vilishakula akiba. Kule Ugogo, njaa kubwa ya Mtunya ya miaka hiyo hiyo ilitokana zaidi na majeshi kuchukua ng'ombe na nafaka, kisha ukame. Lakini nikimfikiria mama wa Rungwe, Desemba 1918, amekaa mlangoni, udongo umelowa vizuri, mbegu ipo, na mkono hauinuki, simwoni kama mvivu. Namwona ana kile kile alichokuwa nacho Rosebery. Tofauti ni kwamba Rosebery alikuwa na daktari pembeni ya kitanda, na shamba lake lililimwa na wengine.

Mama yule hakuacha shajara. Tuna jina la njaa tu. Kama kwenu Rungwe kuna mzee aliyesimuliwa habari zake, muulize kwanza kuhusu homa iliyotangulia, na watu walikaaje baada ya kupona.