Ulezi wa Ndovu Mayatima wa Tsavo

Wahenga walisema kuwa kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Neno hilo lilinenwa kwa ajili ya wanadamu, lakini historia ya nyika ya Tsavo, nchini Kenya, yaonyesha kuwa lawahusu ndovu vilevile.

Tsavo ilifanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1948. Kwa muda mrefu, hata mwaka 1976, upande wake wa mashariki ulisimamiwa na David Sheldrick. Yeye na mkewe, Daphne, waliletewa wanyama waliojeruhiwa na waliofiwa na mama zao: vifaru, nyati, swala na pundamilia. Wengi waliponyeka, wakarudi porini. Mmoja tu aliwashinda walezi: ndama wa ndovu aliyekuwa bado mchanga.

Sababu ya kushindwa ilikuwa maziwa. Ndovu huchukua mimba kwa miezi 22, na ndama wake hawezi kuishi bila maziwa katika miaka miwili ya kwanza. Waliookotwa wakiwa wamekwisha kukomaa kidogo waliweza kula majani, wakapona. Mmoja wao ni Eleanor, aliyelelewa tangu miaka ya 1960, na ambaye baadaye aligeuka mama wa mayatima wengine. Lakini ndama mchanga aliyenyweshwa maziwa ya ng'ombe alidhuriwa na mafuta yake. Alihara, akakonda, akafa. Ukame wa mwaka 1970 na 1971 ulipoua maelfu ya ndovu, hapakuwa na dawa ya msiba huo.

Dawa ilipatikana mahali ambapo mtu wa Pwani asingestaajabu kuiona, yaani katika nazi. Baada ya majaribio ya miaka mingi, Daphne Sheldrick aligundua kuwa maziwa ya unga ya watoto wachanga wa binadamu, yaliyotiwa mafuta ya nazi, hukaa vema katika tumbo la ndama. Mwaka 1974 yalimfaa ndama aliyeitwa Aisha, jina lenye asili moja na kitenzi chetu "kuishi". Aisha alinenepa, akacheza, akamfuata mlezi wake kama kivuli. Ndipo mlezi huyo aliposafiri kwenda Nairobi kwa arusi ya bintiye. Ndama alikataa chupa, akadhoofika, na muda si muda akafa. Maziwa yalikuwa yale yale. Aliyekosekana ni yule mmoja aliyempenda.

Kifo hicho kiligeuza desturi yote ya ulezi. Ilibainika kuwa ndovu, ambaye kwa maumbile hulelewa na mama, shangazi na dada, hapaswi kutegemea mtu mmoja. David alifariki mwaka 1977, na taasisi iliyoanzishwa kwa jina lake ikajenga makao ya mayatima katika hifadhi ya Nairobi. Humo walezi wengi hushirikiana: hunywesha maziwa kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, hufunika ndama kwa mablanketi, hulala nao zizini, na hupokezana usiku kwa usiku ili pasiwe na mwana wa mtu mmoja. Mwaka 1987 aliletwa Olmeg, ndama mchanga, naye akakua hata utu uzima.

Wakati huo ujangili ulikuwa umepamba moto. Ndovu wa Kenya, waliozidi laki moja mapema katika miaka ya 1970, hawakufika 20,000 ilipotimia 1989, mwaka ambao serikali ilichoma shehena ya pembe hadharani.

Mayatima waliokwisha kukua kidogo hupelekwa Tsavo, mathalani Voi na Ithumba, wakajifunze porini kwa wenzao waliotangulia. Wengi wamezaa huko. Tena imetokea Ithumba madume wa porini, wenye majeraha ya mishale ya sumu, kufika karibu na mazizi wakifuatana na mayatima wa zamani, nao wakatibiwa.

Yupo atakayeuliza iwapo gharama hii yastahili, na mkulima wa Taita aliyekanyagiwa mahindi yake ana haki ya kuuliza. Jibu halimo katika hesabu ya ndama peke yake, maana ndama mmoja aliyepona hazibi pengo la kundi lililouawa. Na bila ardhi na amani kati ya ndovu na jirani zake, ulezi ni kuteka maji kwa pakacha.

Daphne Sheldrick alifariki mwaka 2018, baada ya ndama zaidi ya 200 kulelewa. Sifa zake ni za haki. Hata hivyo, historia hii huandikwa aghalabu kana kwamba ilitendwa na mtu mmoja, na huko ni kusahau funzo la Aisha. Ndama walipona tangu pale ulezi ulipoacha kuwa wa mtu mmoja. Wakenya wale waliolala zizini miaka nenda miaka rudi, chupa mkononi, ndio waliolitimiza funzo hilo, na majina yao yanastahili kuandikwa pamoja na la Daphne.