Kutengeneza na Kurejesha: Habari za Gitaa la Umeme Lililobadilishwa

Kitenzi kutengeneza kina upana unaomsumbua mtu apendaye kupima maneno. Seremala aundaye kiti kipya twasema ametengeneza kiti. Na mwenziwe akitiaye mguu kiti kilichovunjika, naye twasema ametengeneza. Shina la neno ni kutengenea, yaani kukaa sawasawa, kuwa katika hali ipasayo. Lugha haikuona haja ya kuuliza kama hali hiyo ilikuwako zamani ikapotea, au kama ndiyo kwanza inapatikana. Walakini ziko kazi ambazo swali hilo haliepukiki ndani yake, na mojawapo ni kazi ya kurejesha chombo cha zamani kilichobadilishwa vibaya. Makala haya yataka kulichunguza swali hilo kwa mfano wa gitaa la umeme. Historia ya chombo hiki ni ya takriban miaka mia tu, na kwa sababu hiyo mabadiliko yake mengi yaweza kufuatwa mwaka kwa mwaka, jambo lisilowezekana kwa vyombo vya kale zaidi.

Kwanza yafaa kueleza umbo la chombo chenyewe. Gitaa la kawaida hupata sauti yake kutoka katika tumbo lake lililo wazi. Gitaa la umeme halihitaji tumbo. Chini ya nyuzi zake za chuma huwekwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara, kitu ambacho hapa nitakiita koili. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa katika waya, nao hupelekwa kwenye kikuza sauti. George Beauchamp alilifikia jambo hili huko California mwanzoni mwa miaka ya 1930, na hataza yake ilitolewa mwaka 1937. Baadaye Leo Fender, wa mji wa Fullerton katika jimbo hilohilo, alitoa gitaa liitwalo Stratocaster mwaka 1954. Lilikuwa na kiwiliwili cha mbao nzima, koili tatu, na daraja la kutikisika lililoshikwa na springi, ambalo kwa kulibonyeza mkono wake mpigaji aliweza kuzilegeza nyuzi zote kwa pamoja. Shingo yake haikugundishwa kwa gundi bali ilifungwa kwa skrubu nne.

Skrubu hizo nne zina maana kubwa katika habari hizi. Fender alitaka gitaa ambalo shingo yake ikiharibika itafunguliwa na kuwekwa nyingine, bila ya kumtafuta fundi bingwa. Kwa hiyo uwezekano wa kubadilishwa ulikuwamo katika chombo tangu siku kilipobuniwa. Aliyekuja baadaye na bisibisi hakuwa akivunja mlango. Aliukuta uko wazi.

Mlango huo ulipitiwa na wengi. Mwaka 1965 kampuni ya Fender ilinunuliwa na shirika la CBS, na baada ya muda wapigaji wakaanza kunong'ona kwamba magitaa mapya si kama yale ya kwanza. Hata hivyo yale ya kwanza hayakuwa bado mali ya thamani. Yalikuwa vitu vilivyokwisha tumika, na bei yake ilikuwa ya vitu vilivyokwisha tumika. Wakati huohuo muziki ulikuwa umebadilika, na wapigaji walitaka sauti nene na kali zaidi. Kampuni ya Gibson ilikuwa na koili za namna nyingine, zilizobuniwa na Seth Lover na kuanza kutiwa katika magitaa mwaka 1957, ambazo ni mbili zilizounganishwa ili kuufuta mvumo wa umeme usiotakiwa. Koili hizo ni pana kuliko nafasi iliyochongwa na Fender. Ili ziingie, mbao ilichongwa upya. Kisha wakatokea watengenezaji waliouza koili, vigingi na madaraja peke yake, na mwaka 1979 Floyd Rose akapata hataza ya daraja linalozibana nyuzi zisilegee ovyo. Madaraja mengi ya namna hiyo nayo yalidai nafasi yao katika mbao. Hivyo katika miaka ya 1970 na 1980 magitaa mengi ya miaka ya 1950 na 1960 yalitobolewa, yakachongwa, yakakwanguliwa rangi na kupakwa nyingine, na wenyewe waliyafanyia hayo kwa nia njema kabisa.

Fundi apelekewaye gitaa la namna hiyo leo hupambanua madhara ya aina tatu. Aina ya kwanza ni yale yanayoweza kuondolewa yasibakishe alama: koili iliyobadilishwa, bamba la plastiki lililofunguliwa, waya uliolehemiwa mahali pasipo pake. Aina ya pili ni yale yanayozibika lakini hubakisha kovu. Shimo lililochongwa huzibwa kwa kipande cha mbao ya jamii ileile, chenye mishipa iliyoelekea upande uleule, nacho hugundishwa na kusawazishwa mpaka mkono usitambue. Mkono hautatambua, lakini jicho litatambua pindi litakaposaidiwa na taa ya mionzi ya urujuanimno, kwa kuwa vanishi ya zamani hung'aa chini ya mionzi hiyo kwa namna ambayo rangi mpya haing'ai. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Aina ya tatu ni yale yasiyorudi. Vanishi ya kiwandani ikisha kukwanguliwa imekwenda. Waweza kupaka nyingine ya rangi ileile na ya mchanganyiko uleule, lakini hiyo ni ya leo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kabla ya kugusa chochote fundi mwangalifu husoma. Vidhibiti vya sauti vilivyomo ndani ya gitaa aghalabu vimepigwa chapa ya tarakimu zinazoonyesha mtengenezaji wake, mwaka na wiki. Kisigino cha shingo mara nyingi kina tarehe iliyoandikwa kwa penseli au kupigwa muhuri. Risasi ya kulehemia iliyoguswa mara moja haifanani na ile iliyoyeyushwa mara mbili. Kwa dalili kama hizi hupatikana utaratibu wa mikono iliyopita juu ya chombo, na msomaji aliyezoea kulinganisha nakala mbalimbali za utenzi mmoja ataitambua kazi hii mara moja: ni kupambanua ni kipi cha mtunzi, ni kipi cha mwandishi wa kwanza, na ni kipi kilichotiwa na aliyefuata.

Hapa ndipo ugumu unapoanza, maana si kila mkono uliofuata ulikuwa mkono mwovu. Yatosha kutazama magitaa matatu yanayojulikana sana. George Harrison wa kundi la The Beatles alikuwa na Stratocaster ya mwaka 1961, ya rangi ya samawati iliyopauka. Mwaka 1967 aliipaka kwa mkono wake mwenyewe rangi kali za kung'aa, na kwa hali hiyo ikaonekana katika filamu ya Magical Mystery Tour. Kwa kipimo cha kiwanda gitaa hilo liliharibiwa. Lakini fundi ambaye angelirudishia samawati yake angekuwa ndiye mharibifu. Gitaa la pili ni Les Paul ya mwaka 1959 iliyokuwa ya Peter Green, kisha ya Gary Moore, na mwaka 2014 ikafika kwa Kirk Hammett. Sumaku ya koili yake moja imegeuzwa, basi koili zote mbili zikitumika pamoja mawimbi yake hupingana, sauti za chini nyingi hufutana, na kinachobaki ni sauti nyembamba kama ya mtu aimbaye kwa puani. Hilo ni kosa la ufundi. Lakini ndilo lililolipa gitaa hilo sauti ambayo watu wameitafuta tangu siku hizo. La tatu ni lile la Eric Clapton liitwalo Blackie, ambalo halikutoka kiwandani kamwe likiwa gitaa moja: mwaka 1970 alinunua Stratocaster sita za zamani mjini Nashville, akawapa marafiki zake tatu, na kwa viungo bora vya zile tatu zilizobaki akaunganisha moja. Liliuzwa mnadani mwaka 2004 kwa dola 959,500. Mtu akitaka kulirejesha gitaa hilo katika hali yake ya asili, atalirejesha katika ipi?

Lakini mfano ulio bora zaidi kwa swali letu ni Stratocaster nyeusi ya David Gilmour wa kundi la Pink Floyd, kwa kuwa hilo lilibadilishwa, likaharibika, likarejeshwa, na habari zake zimeandikwa katika kitabu cha Phil Taylor, mtunzaji wa magitaa ya Gilmour tangu mwaka 1974. Gilmour alilinunua mwaka 1970 katika duka la Manny's mjini New York, baada ya vyombo vya kundi lake kuibwa. Halikuwa gitaa teule: liliundwa mwaka 1969, na chini ya weusi wake mlikuwa na rangi nyingine iliyotangulia. Katika miaka iliyofuata halikupumzika. Shingo yake ilibadilishwa zaidi ya mara moja. Kwa muda lilitiwa koili pana ya Gibson, kisha ikaondolewa. Mwaka 1974 bamba lake jeupe liliondolewa likawekwa jeusi. Swichi ndogo iliongezwa ili koili ziweze kuunganishwa kwa namna ambayo kiwanda hakikuikusudia. Mwaka 1979 koili ya karibu na daraja ilibadilishwa kwa ile iliyosukwa na Seymour Duncan. Mkono wa daraja ulikatwa ukawa mfupi. Na katika muda huohuo ndipo gitaa hilo lilipotumika katika santuri za The Dark Side of the Moon ya mwaka 1973, Wish You Were Here ya mwaka 1975 na The Wall ya mwaka 1979.

Baadaye, mwaka 1983, daraja lake liliondolewa na mahali pake pakachongwa ili kulitia daraja la kampuni ya Kahler. Mwaka 1986 gitaa liliazimwa mkahawa mmoja wa mjini Dallas kuwa pambo la ukutani, na liliporudi mwaka 1997 lilikuwa limechakaa na kupungukiwa na baadhi ya viungo vyake. Ndipo ilipowapasa wenyewe kuamua.

Tuutazame uamuzi wao kwa makini. Shimo la daraja la Kahler lilizibwa kwa mbao, na daraja la Fender la namna ya zamani likarudishwa. Lakini bamba jeusi lilibaki. Swichi ndogo ilibaki. Koili ya mwaka 1979 ilibaki. Wala hakuna aliyekwangua weusi ili kuifukua rangi ya kwanza. Shingo iliyowekwa mwaka 2005 ilitoka katika gitaa jingine la Fender la mwaka 1983. Kwa maneno mengine, gitaa halikurejeshwa kwenye siku lilipotoka kiwandani, bali kwenye kipindi ambacho kazi yake kubwa ilitendeka. Mabadiliko yaliyoitangulia na kuisaidia kazi hiyo yalihesabiwa kuwa ni mwili wa chombo. Badiliko lililokuja baada yake lilihesabiwa kuwa ni jeraha. Tarehe 2 Julai 2005 Gilmour alilipiga tena mbele ya umati wa watu katika Hyde Park, London, akiwa na wenziwe wa Pink Floyd. Mwaka 2019 liliuzwa katika mnada wa Christie's mjini New York kwa dola 3,975,000. Hao walioshindania bei hiyo hawakuwa wakinunua Stratocaster ya mwaka 1969 isiyoguswa.

Kanuni iliyofuatwa hapo si ngeni. Mwaka 1964 wataalamu wa majengo ya kale walikutana Venice, wakaafikiana juu ya masharti ya kuyahifadhi. Miongoni mwake yamo mawili yatufaayo: kwamba urejeshaji ukome pale ubunifu unapoanza, na kwamba michango halali ya vipindi vyote vya jengo iheshimiwe, kwa kuwa usawa wa mtindo si shabaha ya kazi hiyo. Masharti haya yaliwekwa kwa ajili ya makanisa na majumba ya mawe, lakini hayapotezi nguvu yakishushwa kwenye kipande cha mbao chenye nyuzi sita.

Hata hivyo hayajibu kila kitu. Gitaa la Gilmour lilikuwa na kazi mashuhuri iliyoweza kupimia kila badiliko. Magitaa mengi yaliyochongwa hayana. Yalibadilishwa na kijana asiyejulikana, akapiga nayo katika kumbi zisizokumbukwa, akayauza. Kwa hayo mafundi wengi huona ni haki kuyarudisha kadiri iwezekanavyo kwenye umbo la kiwandani, kwa hoja kwamba badiliko lile halikuzaa kitu. Mimi naiona hoja hiyo kuwa na nguvu pungufu kuliko inavyodhaniwa. Yasemwa hayakuzaa kitu kwa sababu hakuna aliyeandika; na kutoandikwa si sawa na kutokuwako. Shimo lililochongwa kwa patasi butu mwaka 1975 ni ushahidi wa yale waliyoyataka wapigaji wa kawaida wa wakati ule, ambao hawakuandikiwa vitabu.

Sisemi kwamba shimo hilo liachwe. Gitaa ni chombo cha kupigwa, na mwenye chombo ana haki ya kukipata kikiwa kizima. Nasema kwamba kuziba kwatakiwa kuandamane na kuandika: picha kabla ya kazi na baada yake, orodha ya vilivyotolewa na vilivyotiwa, na viungo vilivyoondolewa vitiwe katika mfuko na kwenda na gitaa popote liendapo. Katika biashara ya leo hapa ndipo ulipo mpaka kati ya fundi na mghushi, maana mikono yao yaweza kufanya kazi ileile kwa ustadi uleule. Wote wawili huziba, wote wawili hupaka vanishi ya mchanganyiko wa zamani, na wote wawili huweza kuizeesha ipasuke nyufa kama ya miaka sitini. Mmoja humwambia mnunuzi, na mwingine humwacha adhani.

Tukilirudia neno letu, basi, aliyetia bamba jeusi mwaka 1974 alitengeneza, na aliyeziba shimo la Kahler alitengeneza vilevile. Lugha yetu iliwapa kitenzi kimoja, nao walistahili, kwa kuwa kila mmoja alikiweka chombo katika hali aliyoiona ipasayo. Tofauti yao yaonekana tu pale ambapo kazi zote mbili zimeandikwa tarehe.