Mkono wa Kuazima: Historia ya Barua katika Nile Magharibi

Septemba 2008, kumbi za sinema za India zilipokea filamu ya Kihindi iitwayo Welcome to Sajjanpur. Aliyeiongoza ni Shyam Benegal, mzee aliyeheshimiwa kwa filamu nzito juu ya maisha ya wanyonge. Mwaka 1976 alikuwa ametengeneza Manthan kwa fedha za wafugaji 500,000 wa jimbo la Gujarat, kila mmoja akichanga rupia 2. Safari hii aliamua kuwachekesha watu. Kijana Mahadev, anayeigizwa na Shreyas Talpade, amesoma hadi shahada na anatamani kuwa mtunzi wa riwaya, lakini riziki yake anaipata kwa kuwaandikia barua wanakijiji wenzake wa Sajjanpur wasiojua kusoma. Wanakuja kwake wenye mashtaka, wenye posa na wenye siasa. Anakuja pia Kamla, mke kijana ambaye mumewe ni kibarua Mumbai na hajaonekana nyumbani kwa miaka minne.

Mahadev anampenda Kamla. Anajua kila neno linalotoka kwa mke kwenda kwa mume, na kila neno linalorudi. Basi anaanza kuyapinda: anaandika asiyoagizwa, anasoma yasiyoandikwa. Watazamaji wanacheka, lakini chini ya kicheko hicho lipo swali zito. Mtu asiyejua kusoma anapomkabidhi mwenzake siri yake ili aiandike, ni nani hasa mwenye barua ile?

Swali hilo lina historia katika Nile Magharibi, eneo la kaskazini-magharibi mwa Uganda, na sehemu kubwa ya historia hiyo inapitia Mvara, kando ya mji wa Arua.

Kalamu yafika Mvara

Sehemu hii ya Uganda iliingia katika makaratasi ya serikali kwa njia ya kuzunguka. Kwanza ilikuwa ndani ya Eneo la Lado, lililoshikwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji hadi alipofariki Desemba 1909. Kisha ikawekwa chini ya Sudan, na mwaka 1914 ikakabidhiwa Uganda. Mwaka huohuo Waingereza wakajenga boma Arua. Karani, daftari la kodi na hati za wito vikafika mahali ambapo habari zilikuwa zikipelekwa kwa mdomo wa mjumbe, na mjumbe alijulikana ukoo wake.

Mwaka 1918 wakaja wamisionari wa Africa Inland Mission, na Mvara ikawa makao ya kazi yao. Wakatoliki wa shirika la Comboni nao walikuwa wakijijenga Ediofe, na baadaye Ombaci. Pande zote mbili, dini na kusoma vilikwenda pamoja. Aliyetaka ubatizo alifundishwa herufi, na aliyejua herufi alirudishwa kijijini kwake kuwa mwalimu wa wengine. Agano Jipya la Kilugbara lilichapishwa mwaka 1936, na Biblia nzima ikafuata mwaka 1966. Kwa hiyo watu wa kwanza kushika kalamu vijijini hawakuwa makarani wa boma. Walikuwa walimu wa kanisa, vijana waliopita madarasa machache, ambao jirani zao walianza mara moja kuwaletea mahitaji yasiyokuwamo katika katekisimu: niandikie, nisomee, niambie kodi hii inadai nini.

Miwa, kodi na barua

Mahitaji hayo yaliongezeka kwa sababu wanaume waliondoka. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na Nile Magharibi haikuwa na zao la biashara la kutosha kuilipa. Kuanzia miaka ya 1920, Walugbara, Waalur, Wamadi na Wakakwa walianza kwenda kusini kutafuta kazi Buganda na Busoga. Serikali ya kikoloni iliiona wilaya hii kuwa ghala la nguvukazi, na mawakala wa kuandikisha vibarua wakafika hadi vijijini.

Wengi waliishia kwenye miwa. Kiwanda cha sukari cha Lugazi kilianzishwa mwaka 1924 na Nanji Kalidas Mehta. Cha Kakira, karibu na Jinja, kilianza mwaka 1930 chini ya Muljibhai Madhvani. Mabwana hawa wawili walikuwa watoto wa vijiji vya Gujarat, upande wa Porbandar, waliovuka bahari wakiwa wadogo kutafuta maisha Afrika Mashariki. Nao walikuwa na jamaa waliobaki nyuma wakingoja habari. Hivyo katika shamba moja la miwa walikutana watu wa safari mbili: tajiri aliyetoka kijiji cha India na mkataji miwa aliyetoka kijiji cha Arua, kila mmoja akiwa na mama au mke mbali. Tofauti yao ni kwamba tajiri na makarani wake walijua kuandika. Mkataji miwa mara nyingi alilazimika kuazima mkono wa mtu.

Barua yake ilikuwa na safari ndefu. Kabla reli haijafika Pakwach mwaka 1964, njia kuu ya kwenda Nile Magharibi ilipita majini. Kutoka Jinja mizigo ilikwenda kwa reli hadi Namasagali, ikavuka Ziwa Kyoga kwa meli hadi Masindi Port, ikachukuliwa kwa gari hadi Butiaba kwenye Ziwa Albert, kisha meli nyingine ikaishusha kwa Mto Nile hadi bandari kama Rhino Camp, ambako barabara ya Arua ilianzia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya Ziwa Albert yalipanda mno, bandari ya Butiaba ikaharibika na meli mashuhuri ya Robert Coryndon ikazama. Kwa miongo mingi kabla ya hapo, vibarua, magunia na mifuko ya posta vilifuata njia hiyo moja.

Mwisho wa safari hakukuwa na mtu wa posta wa kubisha hodi mlangoni. Mtu wa kijijini hakuwa na sanduku lake la posta. Barua iliandikiwa anwani ya kanisa, ya shule au ya duka, na katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki ilikuwa desturi kuwaita wenye barua baada ya ibada. Kijiji kizima kilijua nani ameandikiwa na nani amesahauliwa kabla bahasha haijafunguliwa. Mama aliyeitwa alipaswa kutafuta msomaji, na msomaji huyo mara nyingi alikuwa mwalimu yuleyule, au mtoto wa jirani aliye shuleni.

Hapo ndipo Sajjanpur na Nile Magharibi zinapokutana. Barua ya mume na mke ilipita midomo minne: anayesema, anayeandika, anayesoma, anayesikiliza. Salamu zikawa ndefu kwa sababu hiyo. Mtu aliuliza hali ya baba, mama, shangazi, wajomba, majirani na mifugo, kisha akagusa jambo lenyewe kwa mafumbo, maana alijua wazi kwamba kuna masikio mengine njiani. Wale wanaozicheka barua za wazee kwa kujaa salamu wangezisoma upya kwa heshima. Ndani ya salamu zile watu walijifunza kulinda faragha yao mahali ambapo faragha haikuwezekana.

Barua za askari

Njia ya pili iliyowatoa vijana nyumbani ilikuwa jeshi. King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, liliandikisha watu wengi wa Nile Magharibi, na lugha ya amri ilikuwa Kiswahili. Katika Vita vya Pili vya Dunia askari wa Afrika Mashariki walipelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma, ambako mwaka 1944 Divisheni ya 11 iliwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw. Barua zao zilipita kwa wakaguzi wa jeshi, waliozisoma na kukata yasiyoruhusiwa. Kwa mke aliyekuwa Koboko, kaskazini mwa Arua, barua ya mumewe ilikuwa imeshasomwa na afisa asiyemjua, kisha inasomwa tena na mwalimu anayemjua mno.

Lakini jeshi lilifanya jambo jingine kubwa. Wakati wa vita liliunda kikosi cha elimu kilichofundisha askari kusoma na kuandika. Wako waliotoka makwao wakiazima mkono wa wengine na kurudi wakiwa na mkono wao. Kwa askari huyo Kiswahili kikawa lugha ya barua, hata kama nyumbani kilisemwa Kikakwa au Kilugbara. Ndiyo sababu moja kwa nini Kiswahili kilipata mizizi Arua na Koboko mapema kuliko sehemu nyingi za Uganda. Huko Koboko lugha hiyo ilisaidiwa pia na mipaka: Wakakwa wanaishi Uganda, Congo na Sudan Kusini, na salamu kwa binamu aliye ng'ambo ni salamu za nchi ya kigeni.

Barua iliyogharimu uhai

Mwandishi wa Sajjanpur anaandika pia malalamiko kwa wakubwa, naye anajua hatari yake. Uganda ilijua hatari hiyo kwa damu. Idi Amin, aliyejiunga na King's African Rifles mwaka 1946 na ambaye ukoo wake ni wa Koboko, alitwaa madaraka Januari 1971. Mwaka uliofuata aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini, na wenye viwanda vya Lugazi na Kakira wakang'olewa pamoja na wenye maduka madogo. Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda, la Kianglikana, walimwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu. Siku chache baadaye, tarehe 16, Askofu Mkuu wao, Janani Luwum, aliuawa.

Aliyechukua nafasi yake ni Silvanus Wani, Mkakwa, aliyekuwa askofu wa Dayosisi ya Madi na Nile Magharibi yenye makao Mvara. Alikuwa amewahi kuwa kasisi wa jeshi, na aliliongoza kanisa hadi mwaka 1983. Mahali palipofundisha watu kuandika herufi za kwanza palitoa mtu wa kubeba mzigo uliofuata barua ile. Kuandika kwa niaba ya wasioweza kusema ni kazi ya heshima kuu, na wapo waliolipa bei yake yote.

Uhamishoni na fomu ya Msalaba Mwekundu

Amin alipoanguka mwaka 1979, kisasi kiliwaangukia watu wa kwao, wakiwamo wasiokuwa na kosa lolote. Kuanzia Oktoba 1980 umati wa watu ulikimbilia Zaire (Congo ya leo) na Sudan. Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci waliuawa na wanajeshi. Familia zilitawanyika kati ya Aru upande wa Zaire, Yei upande wa Sudan na miji mingine, na posta ya kawaida haikuwa na njia ya kuwafuata. Barua zikarudi kwenye mkono wa msafiri: dereva wa lori, mfanyabiashara, mwanamke anayevuka mpaka na mzigo wa samaki.

Leo mkondo umegeuka, na Nile Magharibi inapokea wengine. Makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, wilayani Yumbe, yalifunguliwa Agosti 2016, na kabla mwaka huo haujaisha yalikuwa yamepokea zaidi ya watu 250,000 kutoka Sudan Kusini. Rhino Camp, bandari ya zamani ya barua, imekuwa jina la makazi ya wakimbizi. Lobule, wilayani Koboko, inahifadhi Wakongo. Katika makazi haya Msalaba Mwekundu huwasaidia watu kutafuta jamaa zao kwa simu na kwa ujumbe ulioandikwa kwenye fomu. Fomu hiyo huwa wazi bila kufungwa, nayo inabeba habari za kifamilia peke yake: nani yu hai, nani amezaliwa, nani amefariki. Asiyejua kuandika huandikiwa na mfanyakazi wa kujitolea. Kazi ya mwalimu wa kanisa wa miaka ya 1930 inaendelea, na inaendelea kuhitaji uaminifu uleule.

Mkono wa kuazima katika zama za simu

Simu za mkononi zilipoenea Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, wengi waliona kwamba mwandishi wa barua amestaafu. Mama sasa anasikia sauti ya mwanawe, na hakuna wa katikati. Hilo ni jema, na hakuna sababu ya kuililia bahasha. Hata hivyo, tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2009, asiyejua kusoma amejikuta tena mbele ya meza ya mtu mwingine. Anampa wakala simu yake amsomee ujumbe, na mara nyingine anamtajia namba ya siri. Wakala mwema atamhudumia. Asiye mwema ana nafasi ambayo Mahadev hakuipata: anaweza kuchukua fedha zenyewe.

Filamu ya Benegal haimwachi Mahadev katika hila yake. Anapotambua dhiki ya mume yule aliyeko mjini, anajuta na kutafuta namna ya kurekebisha. Ni mwisho wa kutia moyo, lakini usalama wa Kamla hauwezi kutegemea toba ya mwandishi wake. Haki yake ni kusoma mwenyewe.

Uganda imelijua hilo kwa muda. Mpango wa serikali wa kisomo chenye manufaa kwa watu wazima ulianza mwaka 1992, miaka mitano kabla ya elimu ya msingi kwa wote. Shirika la LABE, lililozaliwa mwaka 1989, limefanya kazi ya kisomo Nile Magharibi, likiwakutanisha wazazi na watoto katika lugha zao za nyumbani. Madarasa ya aina hii hujaa wanawake, binti na wajukuu wa wale walioitwa baada ya ibada kupokea bahasha wasizoweza kuzifungua. Mara nyingi yanaendeshwa na walimu wa kujitolea wenye posho ndogo, na bajeti inapopunguzwa ndiyo ya kwanza kuguswa.

Tuwaheshimu waliotuandikia. Walimu wa Mvara na Ediofe, askari waliojifunza herufi kambini, watoto wa shule waliowasomea bibi zao: hao waliziunganisha nyumba zilizotenganishwa na miwa, vita na mipaka, na wengi wao hawakudai malipo. Lakini deni letu kwao hatulipi kwa kuwasifu tu. Tunalilipa kwa kuendeleza walichokianza chini ya miti na katika vibanda vya kanisa, hadi kila mwanamke wa Arua na Koboko aweze kusoma ujumbe wake mwenyewe, kuujibu kwa maneno yake mwenyewe, na kuamua yeye nani mwingine ausikie.