Mlango wa Mto Msimbazi: Sabuni kama Shahidi

Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, nchini Tanzania, ukakatiza Jiji la Dar es Salaam na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Njiani hupokea maji ya mabwawa ya majitaka ya Vingunguti, na pia ya vyoo vya shimo ambavyo baadhi ya wakazi huvitapisha mvua zinaponyesha. Bondeni mwake mna viwanda vilevile. Mtafiti achotaye tope mdomoni mwa mto hana budi kujiuliza: uchafu huu umetoka majumbani au viwandani? Jibu likikosewa, atatozwa faini asiyehusika, na mtaa unaohitaji bomba la majitaka utaendelea kusubiri.

Sabuni ya unga husaidia kutoa jibu. Ndani yake hubaki kiasi kidogo cha alkilibenzini, mali ghafi ambayo haikugeuka yote kuwa sabuni. Kemikali hiyo haiyeyuki kwa urahisi majini, bali hushikamana na tope. Maji ya mto yakutanapo na chumvi ya bahari, chembe laini za tope huungana na kuzama, nayo huzama pamoja nazo.

Mwaka 1990, Wajapani Hideshige Takada na Ryoshi Ishiwatari walionesha kuwa bakteria humaliza mapema baadhi ya maumbo ya alkilibenzini na kuchelewa kumaliza mengine. Kwa kulinganisha maumbo hayo, mtafiti hutambua iwapo majitaka yalisafishwa au yalimwagwa mabichi. Lakini kiwanda cha sabuni nacho chaweza kuivujisha. Kwa hiyo hutafutwa pia koprostanoli, ambayo bakteria huitengeneza utumboni mwa binadamu na kutoka na kinyesi.

Tope huchukuliwa maji yakiwa yamekupwa, kwa vyombo vya chuma au kioo vilivyosuuzwa kwa kimiminika cha maabara. Mikono iliyotoka kufua yatosha kuharibu kazi ya siku nzima.

Alkilibenzini yenyewe si tishio kuu. Palipo nayo, huenda pana pia mabaki ya dawa za hospitali na vijidudu vya maradhi. Hata hivyo huonesha njia ya majitaka tu, si kiasi cha sumu kinachomfikia mlaji. Samaki wa mlangoni na mchicha unaolimwa bondeni sharti vipimwe vyenyewe.