Elfu Kumi kwa Jina la Mzigo: Hesabu ya Kauri katika Nchi ya Karagwe

Katika lugha za magharibi mwa Ziwa Viktoria, elfu kumi si idadi inayotajwa kwa kuunganisha maneno mawili kama ilivyo katika Kiswahili, bali ina jina lake yenyewe: Waganda huiita mutwalo, na Wanyankole, waliotenganishwa kwa Mto Kagera na Karagwe, ufalme wa zamani wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, huiita omutwaro, neno litokanalo na kitenzi chenye maana ya kuchukua, ambalo pia humaanisha mzigo. Mzigo unaoafikiana vyema na hesabu hiyo ni ule wa kauri, yaani magamba madogo ya konokono wa baharini yaliyokuwa fedha ya eneo hilo na kuitwa ensimbi, neno ambalo mtu hulikumbuka mara asikiapo jina la Nyakasimbi, kata ya Karagwe.

Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotokea Unyanyembe (Tabora) walikuwa na kituo Kafuro, karibu na makao ya Mukama (mfalme) Rumanyika wa Karagwe, ambako wapelelezi Waingereza Speke na Grant walifika mwaka 1861. Kauri walizoleta kutoka pwani ya Zanzibar zilikuwa kubwa kuliko zile za Maldivi, na kwa kuwa moja ilikuwa na uzito wa gramu mbili na ziada, elfu kumi zilizidi kilo 20, kiasi kinachotosha kabisa bega la mpagazi.

Lililo zuri zaidi ni jinsi mzigo huo ulivyohesabika. Kauri zilitobolewa mgongoni na kutungwa mia kwa kila uzi, na kwa kuwa elfu kumi ni kipeo cha pili cha mia, yaani mia mara mia, mhesabu hakuwa na haja ya kupita mia: alihesabu kauri mia za uzi mmoja, kisha nyuzi mia za mzigo. Idadi hii hujengwa kwa namba tasa mbili tu, 2 na 5, kila moja ikitumika mara nne katika kuzidisha, na kwa hiyo ina vigawo 25, yaani namba zinazoigawa bila baki. Watu 16 wangepata kauri 625 kila mmoja. Watu watatu, hata hivyo, wangechukua nyuzi 33 kila mmoja na kubakiwa na uzi mmoja, na wakiufungua wangepata kauri 33 kila mmoja, na moja ingebaki isiyo na mwenyewe.

Mwaka 1901 serikali ya kikoloni ya Uganda iliacha kupokea kauri kwa kodi, lakini jina halikuondoka nazo: ng'ambo ya Kagera, shilingi elfu kumi bado huitwa mutwalo, ingawa noti yake haifikii uzito wa kauri moja.