Nyinyoro, Yungiyungi na Jina Lililohama

Mvua za kwanza zinaponyesha, nyinyoro za uani kwetu hutokeza vichwa vyake kabla majani hayajakunjuka. Leo ardhi i tupu. Baada ya siku chache pana mpira wa nyuzi nyekundu juu ya kikonyo kinene, nao hudumu juma moja au mawili, kisha hunyauka. Mwaka mmoja, katika majira hayo, mwanafunzi wetu alitujia na kitabu cha Kiingereza mkononi, akasema: "Mwalimu, humu imeandikwa ya kuwa watu wa China hupika tunguu la ua hili wakala. Mbona sisi hatuli?"

Swali lile lilitushtua. Tunguu la nyinyoro, lile lililo ardhini mfano wa kitunguu, ni sumu. Na mahali kadha wa kadha katika Afrika watu wamelitumia katika sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Wala kitabu hakikusema uongo. Kijana alikuwa ametafuta neno katika kamusi, akapewa nyinyoro, akaridhika. Jina moja lilikuwa limebeba maua mawili.

Ua la kitabuni ni la jamaa ambayo wataalamu wa mimea huiita Lilium. Aina zake zapata 100 hivi, nazo huota zenyewe katika Ulaya, Asia na Marekani ya Kaskazini. Katika nchi zetu za Afrika, kusini mwa Sahara, hapana hata moja ya asili. Tunguu lake hulala wakati wa baridi kama la nyinyoro lilalavyo wakati wa kiangazi, na katika bustani nyingi za Ulaya huchanua mwezi wa Juni na Julai. Aina moja, yenye rangi ya machungwa na madoa meusi, ilipelekwa na William Kerr kutoka Canton hadi bustani ya Kew, karibu na London, mwaka 1804. Huko ilipandwa kwa uzuri wake, ingawa kwao ilikuwa ikilimwa pia kwa chakula. (Wenye paka na wajihadhari: maua ya jamaa hii huharibu figo za paka hata akafa.) Nyinyoro ni wa ukoo mwingine kabisa. Ajabu ni kwamba wataalamu wa leo humweka katika ukoo mmoja mpana na kitunguu maji na kitunguu saumu, ambavyo twavila kila siku bila kudhurika.

Basi jina lilihamaje? Hapa yatupasa kurudi nyuma sana, mpaka Misri. Wamisri wa kale walikuwa na neno lililoandikwa kwa konsonanti s-sh-n, nalo lilikuwa jina la ua la majini, ambalo sisi twaliita yungiyungi. Yungiyungi la samawati, lifungualo asubuhi na kufumba alasiri, huota katika mabwawa yetu kama lilivyoota katika Mto Nile. Walilichora katika makaburi yao. Na kaburi la mfalme Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922, petali zake zilionekana katika mashada aliyozikwa nayo zaidi ya miaka 3,200 iliyopita. Neno lile likaingia katika Kiebrania likawa shoshan, na katika Kiarabu likawa sausan. Waarabu walipotawala Hispania likabaki huko, na hata leo Wahispania huliita ua jeupe la bustani azucena. Jina la Susana nalo latoka humo. Kila lilipofika, neno lilishika ua zuri lililokuwa karibu, na yungiyungi la kwanza likasahauliwa.

Kwa hiyo waliofasiri Biblia kwa Kiswahili, katika toleo la 1952, walikuwa na kazi ngumu. Katika Wimbo Ulio Bora waliandika nyinyoro. Katika Mathayo, penye neno la Kiyunani krina, waliandika maua ya mashamba tu. Sisi hatuwalaumu. Msomaji wa bara aliyekuwa hajaona Lilium maishani mwake alihitaji ua alilolijua, la tunguu, lizukalo ghafula likapendeza macho. Lakini twaona ya kuwa mtunga kamusi ana wajibu mwingine kuliko mfasiri. Mfasiri aweza kuazima ua la jirani. Mtunga kamusi akifanya vivyo hivyo bila kueleza, mtoto wa mtu aweza kutia sumu chunguni. Na hatari haiishi hapo, kwa maana Waingereza wenyewe wamelipa jina hilo hilo lile ua jeupe la Afrika ya Kusini lililokunjwa kama karatasi ya kuuzia karanga, nalo si la jamaa hiyo, tena huunguza kinywa cha alilaye.

Mwanafunzi yule tulimpeleka uani, tukang'oa tunguu moja la nyinyoro na kitunguu kimoja cha jikoni, tukavipasua kwa kisu kando kwa kando. Alivitazama kitambo, akakiri ya kuwa gizani asingevitambua. Siku ile ile tulizihamisha nyinyoro zote kutoka kando ya tuta la vitunguu, tukazipanda ng'ambo ya pili penye ua wa miti, naye ndiye aliyechimba mashimo.