Kinamasi Kilipimwa kwa Ndege

Ndugu mkulima, zamani kinamasi tulikiita ardhi ya bure. Dawa yake mfereji: maji yatoke, tulime. Basi tarehe 2 Februari 1971, mjini Ramsar, Iran, wajumbe wa nchi 18 wakapatana kulinda ardhi oevu. Lakini ipi? Ikabidi wapime, na kipimo cha kwanza kikawa ndege: eneo lenye ndege wa majini 20,000 kwa kawaida, au asilimia 1 ya ndege wote wa aina moja, lina thamani. Samaki je? Walingoja mpaka 1996 kupata vipimo vyao. Mvuvi angewaambia mapema, lakini nani alimwuliza!

Tanzania ilijiunga mwaka 2000, na Bonde la Kilombero likaorodheshwa mwaka 2002. Huko aliyetiliwa maanani hasa ni sheshe, swala wa mbugani. Bonde hilohilo ndilo lenye majaruba yetu ya mpunga, na maji yake yaenda Rufiji. Vipimo sasa ni tisa, cha magunia hakimo. Kwa hiyo akija mpimaji na darubini yake, mwonyesheni pia mto unapofurika na samaki wanapotaga.